Wimbo wa Rhodes, Biti ya Lubumbashi

Nona alikuwa akichoma biringanya jikoni kwake, Schaerbeek, hapa Brussels, nilipomsikia akiimba kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo, imekwaruza kidogo, na ilipanda na kushuka kwa namna ambayo sikuweza kuihesabu, ingawa kuhesabu midundo ndiyo kazi inayonipa riziki. Mjukuu wake, ambaye tunafanya kazi pamoja studio, alikuwa amenikaribisha chakula cha Ijumaa jioni. Nilimsalimu bibi yule kwa Kifaransa, akaniuliza nilikozaliwa, na niliposema Lubumbashi aliweka kisu chini, akanijibu kwa Kiswahili cha Katanga, kile cha sokoni na cha uani, ambacho sikutarajia kamwe kukisikia kinywani mwa mwanamke wa Kiyahudi aliyepita miaka 80. Yeye pia alizaliwa Lubumbashi, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville. Tangu siku hiyo namwita Nona, yaani bibi kwa Kiladino, kama wajukuu wake wanavyomwita, naye huniita mutoto wangu. Nilimwomba palepale ruhusa ya kumrekodi, akakataa kwa upole, kwa kuwa jua lilikuwa linatua na Sabato ilikuwa inaingia.

Katika miaka 3 iliyofuata nilijaribu kuziunganisha nyimbo zake na hip hop. Nilishindwa mara 2 kabla ya kupata njia, na kushindwa kule kulinifunza mambo ambayo miaka 15 ya kutengeneza biti haikuwa imenifunza.

Ni lazima kwanza nieleze nyimbo hizo ni za nani. Wasefardi ni Wayahudi ambao mababu zao walifukuzwa Hispania kwa amri iliyotiwa saini tarehe 31 Machi 1492. Wengi wao walipokelewa katika Dola ya Uthmaniya, wakaweka makazi Istanbul, Izmir, Thessaloniki, Sarajevo na kisiwa cha Rhodes, wakaendelea kusema Kihispania chao cha zamani huku kikiingiwa na maneno ya Kiebrania, Kituruki, Kigiriki, na baadaye Kifaransa na Kiitaliano. Lugha hiyo huitwa Kiladino au djudezmo, ila Nona husema tu muestro espanyol, Kihispania chetu. Mwanzoni mwa karne ya 20 vijana wa Rhodes walianza kuondoka kisiwani kutafuta maisha, na wengi walifika Katanga, wakafungua maduka ya vitambaa na vyakula katika mji uliokuwa ukikua kwa sababu ya shaba. Walijenga sinagogi, na kuanzia mwaka 1937 wakawa na rabi aliyezaliwa kisiwani kwao, Moïse Levy. Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga kuanzia 2007 hadi 2015, ni mtoto wa Myahudi aliyetoka Rhodes. Mimi nilikulia katika mji huo, nikapita mbele ya sinagogi lile mara nisizoweza kuzihesabu, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba waliosali ndani yake walikuwa wakibembelezea watoto kwa lugha iliyotoka Hispania zaidi ya miaka 500 iliyopita.

Waliobaki Rhodes hawakuwa na bahati hiyo. Tarehe 23 Julai 1944 Wajerumani waliwapakia Wayahudi wa kisiwa hicho, zaidi ya watu 1,600, katika mashua za mizigo hadi Piraeus, na kutoka huko kwa treni hadi Auschwitz. Walionusurika walikuwa takriban 150. Bibi mzaa mama wa Nona hakuwa miongoni mwao. Nyimbo ambazo Nona anaimba alifundishwa na mama yake, naye mama yake alifundishwa na mwanamke huyo, na mimi niliambiwa jambo hili baada tu ya kuwa nimekwisha kuzikata nyimbo hizo vipande vipande katika kompyuta yangu.

Kurekodi kwenyewe tulikufanya Jumapili moja ya baridi. Nona huiita Jumapili alhad, neno la Kiarabu ambalo Wasefardi walilishika wakiwa Hispania kwa sababu domingo ya Wahispania ina maana ya siku ya Bwana, na Bwana huyo hakuwa wao. Kwetu Lubumbashi Jumapili ni siku ya Mungu, naye Nona alisema hivyo pia utotoni, alipokuwa akizungumza na majirani. Namna alivyokuwa akivuka kutoka lugha moja hadi nyingine bila kusita ilinipa moyo, nikadhani kwamba kazi yangu itakuwa rahisi vilevile. Niliweka maikrofoni mbele ya kiti chake, akaimba nyimbo 11, bila ala yoyote, macho yamefumba.

Nilirudi studio nikafanya yale niliyozoea kufanya. Nilichagua wimbo mmoja, nikatafuta sehemu tamu kuliko zote, nikaikata, nikaifanya ijirudie, nikaiweka juu ya ngoma nzito ya midundo 90 kwa dakika. Kwa kuwa baadhi ya sauti za Nona zilionekana kama zimepotea njia, nikazipitisha katika programu ya kusahihisha sauti, ile inayovuta kila noti hadi kwenye kituo kilicho karibu kati ya vituo 12 vya kinanda. Matokeo yalinifurahisha. Mjukuu wake alicheza kichwa. Tukampelekea Nona, tukamvalisha vipokea sauti, naye akasikiliza hadi mwisho bila kusema neno. Kisha akavivua, akaniambia: «Mutoto wangu, umekata fasi ile miye napumuaka.»

Nilikuwa nimekata mahali anapopumua. Mwanzoni nililichukua kuwa ni lalamiko la mzee asiyezoea mashine. Niliporudi kusikiliza rekodi ya asili ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa akinieleza ufundi. Katika nyimbo hizi pumzi ni sehemu ya wimbo: mwimbaji hupumua katikati ya mstari, mahali ambapo maana inageuka, na msikilizaji hungoja. Nilipozifuta pumzi zile ili kipande kijirudie bila mshono, nilikuwa nimefuta alama zote za nukta katika barua ya mtu. Na zile noti nilizoziita potovu hazikuwa potovu hata kidogo. Wasefardi wa Mashariki waliishi miaka zaidi ya 400 kati ya Waturuki, na muziki wao uliingia katika makam, ngazi za sauti za Waturuki, ambazo nyingine zina vituo visivyopatikana katika kinanda. Katika makam iitwayo Uşşak, kwa mfano, noti ya pili hukaa kati ya kituo cheupe na kituo cheusi, na utamu wote wa wimbo umefichwa hapo. Programu yangu ilikuwa ikiivuta noti hiyo juu mara hii, chini mara ile, na kumfanya bibi aliyeimba sawasawa kwa miaka 70 asikike kama mtoto anayejifunza. Nilifuta kazi yote nikaanza upya, na tangu siku hiyo sijamsahihisha sauti mtu yeyote kabla ya kumuuliza alifunzwa kuimba na nani.

Kosa la pili lilikuwa la kuhesabu. Wimbo mwingine, wa harusi, ulikuwa na mwendo uliokataa kukaa ndani ya nne za hip hop. Nilijaribu kuurefusha hapa na kuufupisha pale hadi ukalingana na ngoma, nao ukalingana, lakini ukapoteza miguu. Mara hii sikungoja kuambiwa. Nilimwomba Nona apige makofi huku akiimba, kama wanawake walivyofanya harusini kwa dufu lao, ambalo huliita pandero. Akapiga mbili, mbili, mbili, tatu. Jumla ni 9. Mwendo huo umeenea Uturuki na Ugiriki, na ukiusikia mara moja mwili unauelewa kabla ya akili: unatembea hatua tatu za kawaida, kisha ya nne inachelewa kidogo, kama mtu anayeinua upindo wa kanga kuvuka dimbwi.

Basi niliacha kuulazimisha. Niliuacha wimbo uende kwa 9 zake na ngoma iende kwa 8 zake, kila kimoja na njia yake, wala sikuhamisha hata silabi moja. Kwa hesabu, viwili hivyo huachana, vikazunguka, vikakutana tena baada ya midundo midogo 72, yaani duru 8 za wimbo na duru 9 za ngoma. Katikati panasikika msuguano ambao mwanzoni unamtia msikilizaji wasiwasi, lakini inapofika ile 72, vyote viwili vikaanguka pamoja, watu niliowachezea wimbo huo walipiga kelele bila kujua ni kwa nini. Nona alitabasamu. Alisema hivyo ndivyo ilivyokuwa harusini, wanawake wakiimba lao na wapiga ala wakipiga lao, hadi wakutane.

Tulihitaji mtu wa kughani. Tulimpata binti wa Mombasa aliyekuja Ubelgiji kusoma, mwenye kipaji kikubwa cha kufokafoka na, jambo ambalo sikulijua, aliyelelewa na babu mshairi. Alipoingia kwa Nona alisema «Shikamoo, Bibi», na Nona akamjibu «Jambo sana», kwa maana Lubumbashi ndivyo tunavyosalimiana. Binti akacheka kwa furaha, akaketi chini karibu na kiti chake. Nilipocheza rekodi ya kwanza, alisikiliza kidogo akasema kwamba hii ni ngazi ya taarabu, kwamba ameisikia kwenye ala za nyuzi, kanuni na udi, tangu mdogo. Alikuwa amesema kweli. Taarabu ya Unguja na ya Mombasa ilichota sana kutoka Misri, na Cairo na Istanbul zilikuwa zikinywa katika kisima kimoja cha muziki. Mimi wa bara sikuwa na sikio hilo, na nilijifunza siku ile kwamba nilikuwa nimeenda mbali kutafuta daraja ambalo watu wa pwani wanalivuka kila harusi.

Lakini lililotufungulia mlango hasa lilikuwa ni mizani. Wimbo tuliouchagua ni malumbano ya mama na binti yake juu ya kitawi cha ruda, mmea wenye harufu kali ambao Wasefardi huutumia kujikinga na kijicho. Mama anauliza ni nani aliyekupa kitawi hicho. Binti anajibu kwamba ni kijana aliyempenda. Mama anamwonya asijipoteze, kwamba mume mbaya ni afadhali kuliko penzi jipya, na binti anamjibu bila woga kwamba hakuna laana kubwa kuliko mume mbaya. Mghani wetu alimwomba Nona aimbe mstari mmoja polepole, akauhesabu kwa vidole. Silabi 8, kituo, silabi 7, na kimya mahali pa ya 8. Akauhesabu wa pili, ukawa vivyo hivyo. Akanigeukia akasema: «Kaka, huu una ukwapi na utao», yaani nusu ya kwanza na nusu ya pili ya mshororo.

Na kweli unao. Romansa za Kihispania, nyimbo za kale za masimulizi ambazo Wasefardi walizibeba kutoka Hispania na kuzilinda vinywani mwa wanawake, hutungwa kwa mistari ya silabi 16 iliyokatwa katikati, sawa na mshororo wa shairi letu la mizani 16. Vina ndivyo vinavyotofautiana: shairi linataka vina viwili, vya kati na vya mwisho, wakati romansa inatosheka na mlingano wa irabu mwishoni peke yake, jambo ambalo hata waghani wa hip hop hulitumia kila siku. Sidai kwamba moja lilizaa jingine, na wala sikutafuta ushahidi wa hilo. Ninasema tu kwamba duru moja ya hip hop, zile 8 zikigawanywa tena kwa mbili, ina midundo midogo 16, mshororo wa shairi una mizani 16, mstari wa romansa una silabi 16, na watu watatu tuliokaa katika chumba kimoja, wa Mombasa, wa Lubumbashi na wa Rhodes kwa nasaba, tulikuwa tumebeba kipimo kimoja bila kujuana.

Palikuwa na tatizo dogo lililogeuka kuwa zawadi. Mistari ya wimbo wa ruda huishia kwa silabi yenye mkazo, kama amor, na Wahispania katika hali hiyo huhesabu silabi moja ya ziada isiyotamkwa. Kwa hiyo sauti ya Nona hutoa silabi 15, na ya 16 ni kimya. Kiswahili hakina tabia hiyo, maana mkazo wetu hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na neno halikubali kufunga kwa kishindo. Tuliamua kwamba kimya kile kisijazwe kwa neno. Katika beti za Nona ngoma kubwa hugonga hapo, peke yake, mara moja. Na mghani anapomjibu kwa Kiswahili, silabi yake ya mwisho hukalia nafasi ileile ambayo Nona aliiacha wazi. Sehemu ya binti aliitunga usiku mmoja, na inaanza hivi:

Mama ndoa ya kilio, sitaki kuiingia
Ruda yangu kimbilio, kwa harufu natulia

Nona alitaka kutafsiriwa neno kwa neno, kwa sababu Kiswahili cha Mombasa kilimpita mahali pengine. Tulipofika kwenye kimbilio alitaka lirudiwe. Halafu tukaanza, kwa udadisi tu, kutafuta maneno tunayoshirikiana, na tukapata hazino, ambalo kwa Kiladino ni mgonjwa na limetoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa huzuni. Neno moja limeingia Hispania kupitia Andalusia, jingine limeingia pwani yetu kwa jahazi, na yote mawili yakaishia Schaerbeek.

Si kila kitu tulichoruhusiwa. Kati ya nyimbo 11, moja ilikuwa endecha, wimbo wa maombolezo, ambayo Nona aliiimba hadi katikati kisha akanyamaza. Nilipoisikiliza baadaye niliona kwamba ilikuwa nzuri kuliko zote, na nilimwomba ruhusa ya kuitumia. Alikataa. Alisema endecha huimbwa penye msiba, na kwamba kuiimba pasipo na msiba ni kuualika. Kwa mtengenezaji wa biti ombi la namna hii ni gumu, kwa kuwa hip hop ilizaliwa na tabia ya kuchukua. Tangu ile sherehe ya Bronx ya tarehe 11 Agosti 1973, ambapo DJ Kool Herc alirefusha vipande vya ngoma vya santuri kwa kutumia mashine mbili, sisi tumejengwa juu ya kuokota kilichopo na kukipa uhai mwingine, na ninaipenda sanaa hii kwa sababu hiyo. Hata hivyo niliifuta endecha ile mbele yake, katika kompyuta na katika nakala ya akiba, na sijajuta. Nyimbo za ibada nazo hatukuzigusa.

Niliwahi pia kuandika, katika maelezo ya kazi yetu, kwamba nyimbo hizi zina umri wa miaka 500. Mzee mmoja wa jamii ya Nona alinisahihisha kwa subira kubwa. Baadhi ya romansa zina umri huo, alisema, lakini nyimbo nyingi za mapenzi ambazo dunia inaziita za kale zilitungwa karne ya 19 na ya 20, zikachota kutoka mikahawa ya Izmir, kutoka tango, kutoka opera. Wimbo wa kuagana unaopendwa kuliko yote, Adio kerida, una lahani inayofanana sana na wimbo mmoja wa opera ya Verdi, La traviata, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1853. Ocho kandelikas, unaoimbwa kila sikukuu ya Kiyahudi ya Hanuka kana kwamba umetoka Toledo ya Hispania ya kale, ulitungwa mwaka 1983 na Flory Jagoda, mzaliwa wa Bosnia aliyehamia Marekani, na kundi la Hip Hop Hoodíos la hukohuko Marekani lilikwisha kuutia hip hop kabla yangu. Nilipoyajua haya niliona aibu ya kuwa nimewauzia watu ukale, lakini nilipata utulivu vilevile. Waliozitunga nyimbo hizi hawakuwahi kuogopa muziki wa jirani. Waliuchukua, wakautia lugha yao, wakauimbia watoto.

Wimbo wa ruda ulikamilika mwaka jana. Una dakika 4 na sekunde 12, pumzi zote za Nona zimo, na katika ubeti wa pili unaweza kusikia kiti chake kikilia. Tuliucheza mara ya kwanza katika ukumbi mdogo Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, mbele ya Wakongo, Waafrika Mashariki, na wazee wachache wa Rhodes walioletwa na mjukuu wake, ambao walikaa mstari wa mbele na makoti yao. Ilipofika sehemu ya mama, wazee wale waliimba na Nona kwa sauti ya chini, na mghani, ambaye hakuwa amejiandaa kwa hilo, aliingia akiwa amechelewa duru nzima. Hatukurekebisha. Alichelewa, akangoja inayofuata, akajibu.

Wiki mbili baadaye Nona alinipa daftari la mama yake, lililotoka Lubumbashi mwaka 1973 ndani ya sanduku la nguo, wakati serikali ya Mobutu ilipotwaa maduka ya wageni na familia yake ikaondoka. Limeandikwa kwa soletreo, mwandiko wa mkono wa Wasefardi wenye herufi za Kiebrania, ambao Nona hakuwahi kufundishwa kuusoma. Tumechapisha jedwali la herufi, tumelibandika ukutani jikoni, na kila alhad asubuhi tunakaa mimi naye na mghani wetu, kalamu mkononi, tukitafuta herufi moja baada ya nyingine. Tukikwama, Nona huanza kuimba anachodhani kimeandikwa, na mara nyingi sauti yake hufika kabla ya macho yetu. Daftari lina kurasa 40. Tumesoma 6.